Msiniletee Nguvu Peke Yake

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye maonyesho ya viwanda hapa Kigali. Wakaniweka kiti cha mbele kwa heshima ya mvi zangu, wakanipa maji na kitambulisho cha kuvaa shingoni, nami nikatulia kama mgeni mwenye adabu. Akapanda jukwaani binti mmoja, injinia mpya, akainua kipande cha titani kilichochapwa kwa mashine, akatangaza kwamba kina nguvu kuliko kile kinachochongwa kwa mikono ya mafundi. Ukumbi ukapiga makofi. Nikanyoosha mkono nikamuuliza, "Mwanangu, kinavutika kiasi gani kabla ya kukatika?" Akatazama karatasi yake, akaigeuza nyuma, akakuta nyuma hakuna kitu. Akasema, "Mama, hiyo tutakujibu baadaye." Wakapiga makofi tena.

Nikatoka nje. Bwana mmoja niliyekaa naye alinifuata na chupa ya maji akidhani presha imenipanda. Haikuwa presha, ilikuwa hasira, na ninayo hadi sasa ninapoandika. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii mtanivumilia nikiruka huku na huku. Sikuja kuwabembeleza.

Jina langu ni Hadija, ingawa Nyamirambo nzima wananiita Mama Rashidi. Mpaka nilipostaafu, kazi yangu ilikuwa kuvunja vyuma. Msicheke. Popote panapotengenezwa kitu cha kubeba uzito wa mtu, lazima awepo wa kukivunja kwanza, na katika karakana yetu, iliyokuwa ikitengeneza vyuma vya miguu bandia, mvunjaji alikuwa mimi. Unachukua kijiti cha majaribio kilichochapwa pamoja na vifaa vyenyewe, kwa unga uleule, siku ileile. Unakibana juu na chini kwenye mashine ya kuvuta. Inavuta polepole mpaka kijiti kikatike. Hapo unajua mambo mawili. Moja ni nguvu, yaani kilivumilia mzigo kiasi gani. La pili ni kuvutika, yaani kilirefuka kiasi gani kabla ya kukatika. Mambo mawili, wanangu, na nitayarudia mpaka mchoke.

Nimetaja unga. Nilipokuwa nikirudi nyumbani na kusema nimeshinda nikichekecha unga, majirani walidhani nimeajiriwa kwenye mashine ya kusaga nafaka. Kuna mama aliniagiza kilo mbili za kawunga, unga wa ugali, na nilipomwambia wetu ni unga wa titani, wa kijivu, na ukishika moto hauzimwi kwa maji, akaniambia kama sitaki kumpunguzia bei niseme tu. Mashine inautandaza unga huo tabaka jembamba, leza inayeyusha pale panapotakiwa, inatandaza tabaka lingine, leza inapita tena, tangu asubuhi hadi kesho yake. Yote hayo ndani ya sanduku lililojazwa gesi ya agoni, kwa sababu titani ikipata moto inakuwa na uroho wa oksijeni usio na kifani. Shikeni hapo kwenye uroho, maana ndio uliotufikisha pabaya.

Siichukii mashine hiyo. Niliiona ikitoa kiungo cha mguu kinachomfaa mtu mmoja tu duniani, chepesi, chenye matundu ya kupunguza uzito ambayo hakuna mchongaji angeyafikia. Siku ya kwanza nilikishika mkononi nikasema Mashallah. Hasira yangu iko kwa watu.

Kabla ya titani nilijua nondo. Nilianza kazi Muhima, kwa Mzee Gaspari, aliyekuwa na duka la vyuma na mahali pa kuchomelea mageti nyuma yake. Alikuwa mzee mwembamba, Kifaransa chake cha zamani, koti lile lile kila siku. Nondo zikifika hakusoma karatasi za muuzaji. Alichukua moja, akaibana kwenye jiliwa, akaivalisha bomba refu, akaipinda mpaka ncha zikaribiane. Ikipasuka upande wa nje wa mkunjo, lori linarudi na mzigo wake wote.

Nakumbuka dereva mmoja akipiga kelele barabarani, "Muzehe, hii chuma iko nguvu sana! Iko na karatasi!"

"Nguvu iko, sikatae," Mzee Gaspari akamjibu. "Lakini imekataa kupinda. Siku nyumba inatikisika, itafanya nini? Itakatika tu, paf! Bila kusema bonjour."

Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika bomba. "Hadija, chuma yenye kupinda inakuita kwanza. Inasema, mama, niko nachoka, nitazame. Ile ingine inanyamaza."

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nilidhani mzee anapenda kusumbua madereva, na kweli alipenda. Lakini alichosema ndicho nilichokuja kukivuta kwenye mashine miaka yote iliyofuata, na hakuna kitabu kilichoniambia kwa uwazi zaidi. Kifaa kinachovutika hujikunja kabla ya kuvunjika. Mtu anaona mguu umekaa upande, anachechemea, anarudi kwa fundi kulalamika. Analalamika akiwa amesimama.

Sasa na mimi niseme yangu, maana mficha uchi hazai. Miezi ya mwanzo ya kazi ya titani nilivuta vijiti vilivyochapwa vikiwa vimelala kwenye sahani ya mashine, lile bamba ambalo kila mkupuo wa kazi huchapwa juu yake. Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Siku moja sahani ilijaa, vijiti vikachapwa vimesimama kwa kukosa nafasi, na vitatu vikakatika mapema mno. Nikailaumu mashine yangu ya kuvuta. Siku mbili nilishinda nikifungua vibano, nikivisugua, nikivipaka grisi, nikimtukana fundi aliyeiuza. Siku ya tatu ndipo nikachukua kioo cha kukuzia nikatazama penyewe palipokatika. Palikuwa bapa, na katikati mna punje za unga ambazo hazikuyeyuka, zimekaa kwenye vishimo vyake kama mchele usioiva. Kijiti kilikuwa kimeachana kati ya tabaka na tabaka. Na viungo vyetu vya miguu vyote vilichapwa vimesimama! Kwa miezi ile nilikuwa nimejaribu kitu kimoja nikapitisha kingine. Nilijisikia mjinga, na nilikuwa mjinga.

Tangu hapo kijiti changu kikawa na mkao wa kifaa. Nikaacha pia kukichonga king'ae. Tulikuwa na desturi ya kukichonga kwenye leith, mashine ya kukerezea, mpaka kinateleza kama shanga, ndipo tukivute, na huku kifaa kinachokwenda kwa mgonjwa kinabaki na ngozi yake ya msasa yenye vitundu. Kama kijiti ni badala ya kifaa, kivutwe na ngozi yake. Mkiona mtu anawaonyesha majibu ya kijiti kilichong'arishwa, muulizeni kifaa chenyewe nacho kiling'arishwa na nani.

Na mkisha kukivunja, msikimbilie kompyuta. Kabla ya kuvuta, weka alama mbili ndogo kwenye kijiti na upime umbali wake. Kikikatika, unganisha vile vipande viwili kwa uangalifu kama unavyounganisha kikombe kilichovunjika, upime tena. Tazama kiuno. Kijiti kizuri hujitoa kiuno mahali kitakapokatikia, kinakuwa chembamba hapo. Kibaya hukatika vile vile kilivyozaliwa. Sikio nalo lifanye kazi, kwa sababu kizuri kinakatika kwa mlio mzito na kibaya kinalia pa! hadi mtu wa ofisini anatoa kichwa. Niliwahi kujua siku nzima itakuwaje kwa mlio wa kijiti cha kwanza.

Kuna jambo lingine linalowapumbaza wakubwa. Titani ikitoka tu kwenye mashine ya kuchapa huwa imepoa ghafla, ngumu na kavu. Ukiitia kwenye tanuri lisilo na hewa, ukaipasha moto na kuipoza taratibu, nguvu inashuka kidogo na kuvutika kunapanda sana. Ni biashara nzuri kwa mwenye akili. Siku moja tulitembelewa na mheshimiwa fulani, nikamweleza hivyo hivyo. Akakunja uso. "Yaani mnaichoma ipungue nguvu? Na nani amewaruhusu?" Mkuu wetu, Injinia Didas, alicheka mpaka kicheko kikamkauka, na mheshimiwa alipoondoka akaniambia, "Mama Rashidi, wageni wakija usiseme imeshuka. Sema imebadilika."

Injinia Didas hakuwa mtu mbaya, nasema hilo mapema. Alikulia Uganda, akasoma sana, na hakunipita asubuhi hata moja bila kuniamkia. Mtu mbaya ungemjua, ungekaa naye mbali. Huyu alikuwa mtu mwema aliyependa namba moja.

Unga wa titani hautumiki wote kwa mkupuo. Unaobaki kwenye sanduku unachekechwa, unachanganywa na mpya, unarudi kazini. Hilo ni sawa. Lakini kila ukizunguka karibu na ule moto unaiba oksijeni kidogo, na oksijeni hiyo haichekecheki. Baada ya muda lazima uutupe. Mwaka ule unga mpya ulichelewa kufika, maagizo ya miguu yakawa mengi, Injinia Didas akasema tuendelee na tulionao. Tukachekecha, tukachapa, tukachekecha tena bila kuongeza mpya.

Na nguvu ikapanda.

Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu ndipo werevu walipokwama. Titani iliyolewa oksijeni haionyeshi udhaifu. Inakuwa na nguvu zaidi. Kila mwezi nilipovuta, namba ya nguvu ilikuwa juu ya ile ya mwezi uliopita, na Injinia Didas akaibandika ukutani, mstari mwekundu unaopanda kama barabara ya kwenda Mumena. Kuvutika kukawa kunashuka kila mwezi, kimya kimya. Hakuna aliyekuwa na mstari wa hicho.

Mstari mwekundu ulipopita rekodi tukafanyiwa sherehe. Brosheti, yaani mishkaki, fanta, hotuba, na keki. Juu ya keki, kwa sukari ya bluu, waliandika ile namba ya nguvu. Mimi niliyekuwa najua, nilipewa kipande chenye tarakimu ya mwisho, nikakila. Nikaomba na cha pili.

Nilimwambia Injinia Didas, sikunyamaza kabisa. Nilimfuata ofisini na daftari langu. Mimi nilikuwa na daftari la mistari, la shule, ambamo niliandika nguvu na kuvutika vya kila kijiti pamoja na namba ya sahani kilikotoka, kwa sababu fomu ya karakana ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha majibu. Nguvu. Chini yake, sahihi.

"Injinia," nikamwambia, "vijiti vinakatika bila kiuno. Huu unga umechoka."

"Lakini Mama, namba si unaiona? Iko juu ya kiwango."

"Ya nguvu. Hii nyingine imeanguka chini ya kiwango."

Akatazama daftari kwa heshima, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mama Rashidi, wateja hawaelewi kuvutika. Wanaelewa nguvu. Unga mpya uko njiani. Ntakibazo."

Ntakibazo. Hakuna tatizo. Nikarudi mezani kwangu, nikachukua fomu, nikajaza kisanduku kimoja, nikasaini. Nilijiambia nimekwisha kusema, la mkubwa ni la mkubwa. Niliogopa pia, niwe mkweli. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na sikutaka kuondoka nikiitwa bibi mgomvi. Sasa ninaitwa hivyo na hainiumi hata kidogo, laiti ningelijua mapema.

Mtaa wa chini ya kwangu yuko Aziza, fundi cherehani. Alipoteza mguu chini ya goti miaka mingi nyuma, ajali ya barabarani, na akaendelea kushona sare za shule kama kawaida, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja huku anabishana na wateja. Mguu wake bandia wa zamani ulikuwa na kiungo kizito. Nani alimshauri abadilishe? Mimi. Nilimwambia kwa kinywa changu, "Aziza, chukua cha kwetu, utasahau kama umekivaa." Na kweli akawa anatamba nacho hadi msikitini.

Kiungo hicho kina ukubwa wa ngumi. Kinakaa kati ya kikombe kinachoshika sehemu ya mguu iliyobaki chini ya goti na bomba linaloshuka chini. Uzito wote wa mtu unapita hapo.

Asubuhi moja Aziza alikuwa anashuka ngazi za mawe kutoka kwake kwenda dukani, na furushi la sweta begani. Kiungo kikakatika katika hatua. Hakikupinda wala kulegea. Alisema alisikia mlio, kisha akajikuta anaona mawe. Alijikinga kwa mkono wa kulia, mkono wa mkasi, na kifundo kikavunjika vibaya.

Nilipofika hospitali alinipa vile vipande viwili vimefungwa kwenye kitambaa cha kaki. Sikuhitaji mashine. Nilivishikanisha, vikakutana bila pengo, vimeshikana kama sahani iliyovunjika, na hakuna mahali palipovutika hata kidogo. Kwenye ukingo palikuwa na kitundu cha tabaka, ufa ulianzia hapo, na chuma hakikuwa na subira ya kuuzuia. Nikaisoma namba ya sahani ubavuni. Nilijua ni ukurasa gani wa daftari langu.

Karakana iliandika ripoti. Kifaa, ilisema, kilikuwa na nguvu kupita kiwango, kama inavyothibitishwa na fomu iliyosainiwa. Kwa hiyo chanzo cha ajali ni mtumiaji kubeba mzigo uliozidi. Mzigo! Sweta za watoto wa chekechea! Nilisoma karatasi ile nimesimama mlangoni kwa Injinia Didas, nikaitupa mezani pake, nikamwambia neno la Kinyarwanda ambalo sitaliandika hapa. Mwanamke ameanguka na chuma chetu, na sisi tunampima furushi!

"Mama, tulia," akasema. Alikuwa amepauka. "Si umesaini wewe?"

Na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa amesema kweli.

Nikaenda nyumbani nikajifungia. Niliugua ugonjwa usio na jina. Wiki mbili nzima nilijua ninapaswa kushuka mtaa wa chini, na wiki mbili nilipitia njia ya juu hata kwenda kununua mkate. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu alikuja akiwa ameshaota ndevu. Mwisho nikajikaza, nikaenda na daftari.

Aziza alikuwa amekaa mbele ya cherehani lake, mkono kwenye plasta, hakushona chochote. Nikamfungulia ukurasa. Nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi, nguvu na kuvutika, unga, oksijeni, keki. Alisikiliza bila kunikatiza, na kwa Aziza hilo halijawahi kutokea.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Ukaandika."

"Niliandika humu."

"Kwenye daftari lako." Akalisukuma kwa mkono wa kushoto. "Hadija, wallahi, mimi nilikuwa natembea juu ya daftari lako? Uliandika ili nani asome?"

Nikaanza kulia, nikaanza kuomba msamaha, nikasema mambo mengi. Akanikata.

"Nyamaza kwanza. Nitakusamehe nikipenda, hiyo ni yangu. Na wengine je?"

"Wengine gani?"

"Mguu wangu ulichapwa peke yake?"

Wanangu, nilikuwa na wiki mbili za kulia na sikuwa nimeuliza swali hilo. Mimi, mwenye daftari lenye namba za sahani. Nilikuwa nimeshughulika na moyo wangu mpaka nikasahau miguu ya watu. Aziza alinitazama akaelewa, na sijawahi kutiwa aibu namna ile na mtu yeyote, mdogo wala mkubwa.

"Toka hapa," akasema. "Toka, nenda ukawatafute!"

Walikuwa kumi na mmoja, kwa sahani zote mbaya. Injinia Didas aliniambia kwa simu kwamba nikiwapigia watu nitaua kampuni. Nikamjibu kampuni ikifa tutaisalia. Kituo kinachovalisha miguu kilinipa majina saa ileile, na kikanipa viungo vya zamani vya kuchonga, vizito, vya chuma kisichoshika kutu, niwabadilishie. Tulizunguka mimi na fundi mmoja wa pale, kwa pikipiki mbili, Kigali nzima na nje yake. Karakana baadaye ilifungwa kwa muda, ikafunguliwa tena, na nasikia siku hizi fomu ina visanduku viwili. Injinia Didas mwenyewe ndiye aliyekichora cha pili. Sikumpigia kumpongeza. Aziza mkono wake ulipona ukiwa umepinda, mkasi anaushika kwa kushoto kukata uzi tu, na kazi ya kukata vitambaa ameiacha.

Kumi walikuwa rahisi. Walishangaa, wakalalamika uzito wa kiungo cha zamani, wakanikaribisha chai. Wa kumi na mmoja alikuwa Viateri, mpishi kwenye mkahawa wa ghorofani pale Gisimenti. Nilimkuta anakata vitunguu kabla ya wateja wa mchana. Hakutaka kukaa.

"Mukecuru, bibi yangu, hii mguu iko sawa kabisa. Iko nyepesi. Mnataka nini nayo?"

"Nataka uivue tu, mwanangu. Dakika kumi."

Akakaa juu ya kreti la soda, akavua, akanipa. Nikashika spana nikaanza kulegeza skrubu zinazobana kiungo. Ya kwanza, ya pili. Nilipolegeza ya tatu, kiungo kikaachana kiganjani mwangu. Sikukipiga wala kukivuta. Kilikuwa kimekwisha kukatika, sijui tangu lini, kimeshikiliwa na ule mbano wa skrubu peke yake. Sehemu kubwa ya ufa ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi kwa jasho na mafuta ya jikoni.

Viateri aliangalia vile vipande viwili. Akaweka kisu chini.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "asubuhi nilimbeba mtoto wangu mgongoni. Tulishuka ngazi zote. Alikuwa anaruka-ruka, ananiambia mimi ni farasi."

Nikachukua kiungo kizito, nikakifunga. Kwa hasira skrubu iliniponyoka mara mbili, ikabidi nipige magoti niitafute chini ya meza. Nilipomaliza nikamsaidia kuvaa, nikamwambia asimame ajaribu. Hakusimama. Aliendelea kukaa juu ya lile kreti, anaangalia mlango uliokuwa wazi na ngazi zinazoshuka.